Kuogopa Kwamba Kansa Itarudi

Maneno haya ni kwa ajili yako wewe uliyetibiwa kansa (wengine wetu huiita kansere) nawe sasa umerudi nyumbani. Labda walikukata titi. Labda walitoa tumbo lako la uzazi. Labda mtoto wako alikuwa na uvimbe mkubwa shavuni, akapewa sindano nyingi mpaka uvimbe ukaisha. Jamaa wamefurahi, na watu wa kanisa wamekupokea. Lakini usiku, wengine wanapolala, unaweka mkono wako juu ya kovu na kujiuliza, Je, itarudi?

Hofu hii inajulikana sana. Waganga wa nchi nyingi wamewauliza watu waliotibiwa kansa, nao wameona kwamba zaidi ya nusu yao wanasumbuliwa nayo, na karibu mtu mmoja kwa watano ana hofu kubwa inayomharibia siku zake. Basi hauko peke yako. Tena hofu hii si alama ya imani ndogo. Aliyeumwa na nyoka akiona kamba njiani, miguu yake inaruka kabla ya moyo wake kufikiri. Ndivyo na mwili wako ulivyojifunza kuogopa.

Hatuwezi kuiondoa hofu yote. Lakini mtu akijua mambo ya kweli, hofu yake inapata mipaka.

1. Kwa nini kansa inaweza kurudi?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Kila chembe ina kazi yake, na wakati wake wa kuzaa na wa kufa. Kansa ni chembe zilizoacha kutii. Zinazaa bila kukoma, na kuingia mahali pasipo pao. Uvimbe mdogo kama punje ya haragi una chembe mamilioni mengi.

Mganga akipasua, anatoa uvimbe ambao macho na mikono yake vinautambua. Dawa za sindano na miali ya mashini ni kwa chembe asizoweza kuziona. Lakini mara nyingine chembe chache zinabaki. Hata mashini nzuri haiwezi kuziona, maana ni chache mno. Zinaweza kulala miezi au miaka, kisha kuanza tena kuzaa.

Fikiri juu ya shamba lenye majani mabaya ya kutambaa. Unalima, unang’oa, unachoma moto. Shamba linaonekana safi. Mara nyingi limekwisha kuwa safi kweli. Lakini ikiwa kipande kimoja cha mzizi kimebaki chini ya udongo, mvua ikinyesha kitachipuka.

Kansa inaweza kurudi kwa namna tatu: mahali pale pale ilipokuwa kwanza, au karibu, katika tezi za kwapani au za kinena, au mbali, kama vile katika mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Kansa hairudi kwa sababu jirani amekutilia karuho. Hairudi kwa sababu umegombana na mkwe wako, wala kwa sababu ulitaja jina lake. Kuiogopa hakuiiti. Ukimshitaki mtu kwamba amekuroga, utaharibu ukoo, na mzizi ulio chini ya udongo utabaki pale pale.

2. Ikirudi, hurudi wakati gani?

Kansa si ugonjwa mmoja. Kila namna ina desturi yake, na yafaa ujue desturi ya ile iliyokuwa yako.

Uvimbe wa taya wa watoto. Mwaka 1958 mganga Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala katika Uganda, aliandika habari za uvimbe huu, nao sasa unaitwa kwa jina lake. Unakua upesi sana, nao ukirudi hurudi upesi, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto aliyemaliza miaka miwili pasipo uvimbe kuonekana tena, ni mara chache sana umrudie. Wewe mzazi, ukifika siku hiyo, uwe na furaha kweli.

Kansa ya mlango wa tumbo la uzazi. Hii nayo, ikirudi, mara nyingi huonekana katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Mama aliyepita miaka mitano ana sababu nzuri ya kutulia.

Kansa ya titi. Hii ina uvumilivu mrefu zaidi. Hatari ni kubwa katika miaka ya kwanza, kisha inapungua. Lakini kuna namna ya kansa ya titi inayolishwa na homoni za kike, nayo inaweza kurudi hata baada ya miaka 10 au 15. Kwa sababu hii wamama wengi wanapewa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka 5, na wengine miaka 10. Dawa hii inapunguza karibu kwa nusu hatari ya kansa ya namna hii kurudi.

Sikia neno hili vizuri. Wengine wanaacha tamoksifeni kwa sababu wanajisikia wazima. Lakini ilitolewa kwa ajili ya mtu mzima, ili aendelee kuwa mzima. Usiiache bila shauri la mganga. Usimgawie dada yako. Usichukue mimba wakati unapoimeza. Kama joto la mwili linakusumbua, mwambie mwuguzi. Kama damu ya mwezi ilikwisha kukoma nawe unaona damu tena, mwambie upesi. Na kama franka za kununua dawa zimekosa, usinyamaze kwa haya. Njoo useme, tutafute njia pamoja.

Utauliza, “Na mimi je? Yangu itarudi?” Hakuna mganga awezaye kujibu neno hilo kwa hakika juu ya mtu mmoja. Akuambiaye, “Haitarudi kamwe,” anasema asilolijua. Akuambiaye, “Lazima itarudi,” naye anasema asilolijua. Lililo kweli ni hili: kwa kansa nyingi, kila mwaka unaopita katika usalama unapunguza hatari.

3. Njia mbili mbaya

Hofu inawapeleka watu katika njia mbili, na zote mbili ni mbaya.

Njia ya kwanza ni ya mtu anayekimbia. Anasema, “Nikienda hospitali wataona kitu. Afadhali nisijue.” Anapata kivimbe karibu na kovu, anakifunika kwa kitambaa. Mumewe hajui. Miezi inapita. Siku anapokuja, kile ambacho kingetolewa kwa kisu kidogo kimekwisha kuota mizizi mifupani. Hofu ilimwambia kwamba inamlinda, kumbe ilimfungia mlango.

Njia ya pili ni ya mtu anayejitafuta. Asubuhi anajipapasa, mchana anajipapasa, usiku anaamka kujipapasa tena, mpaka ngozi inauma kwa kupapaswa. Anatoka kwa mganga huyu na kwenda kwa yule, anauza mbuzi ili apigwe picha nyingine na apimwe damu nyingine. Kisha anakwenda kwa mfumu, na mfumu anauza hofu kwa bei kubwa kuliko dawa.

Labda unafikiri kwamba mtu mwenye mali akipimwa kwa mashini kila mara ataishi zaidi kuliko wewe. Waganga wa Italia walijaribu neno hili. Waliwachukua wanawake zaidi ya 1,300 waliotibiwa kansa ya titi, wakawagawanya mafungu mawili. Fungu moja walipimwa mara kwa mara mifupa, ini, mapafu na damu. Fungu la pili walionwa na mganga na kupigwa picha ya titi, na vipimo vingine vilifanywa tu walipokuwa na alama. Habari ilitolewa mwaka 1994: fungu la kwanza hawakuishi zaidi ya fungu la pili. Basi usihuzunike kwamba hospitali yetu haina mashini zote. Kwa mama aliyetibiwa titi asiye na alama yo yote, mikono ya mganga, masikio yake, na picha ya titi mara moja kwa mwaka pale inapopatikana, vyatosha.

Njia nzuri iko katikati. Mwenye shamba halali shambani kila usiku akiangalia majani. Wala haliachi mwaka mzima. Ana siku zake za kulizunguka, na siku nyingine anafanya kazi yake.

4. Alama gani ni za kuangalia?

Kwanza ujue kwamba mtu aliyetibiwa kansa anaendelea kuwa mtu. Atapata malaria. Mgongo wake utauma baada ya kulima. Atapata kikohozi wakati wa mvua. Mengi ya maumivu yako yatakuwa ya namna hii.

Tena kuna maumivu yanayotoka kwa kazi ya mganga yenyewe. Baada ya kukatwa titi, kovu linavuta, kwapa inakufa ganzi, na mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Mkono ukivimba mwonyeshe mwuguzi, lakini usiseme mara moja, “Imerudi.”

Shika sheria ya siku 14. Ukipata maumivu mapya au kitu kipya, hesabu siku. Vingi vitakwisha kabla ya siku 14. Kisichokwisha, au kinachozidi kila siku, kilete hospitali. Hasa haya:

– kivimbe kipya karibu na kovu, katika titi lingine, kwapani, shingoni au kinenani;
– kidonda juu ya kovu kisichopona;
– damu inayotoka ukeni, au maji yenye harufu mbaya;
– maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, wala hayapungui ukipumzika;
– kikohozi kisichokoma;
– kukonda bila sababu;
– mguu mmoja unaovimba (huo usingoje siku 14, uje siku ile ile).

Lakini kuna mambo yasiyongoja siku 14. Uje siku ile ile kama damu inatoka nyingi. Kama miguu inalegea ghafula au huwezi kukojoa. Kama pumzi inakukatika. Kama unapata kifafa au akili inachafuka. Na kwa mtoto aliyekuwa na uvimbe wa taya au wa tumbo, usihesabu siku. Ukiona uvimbe unarudi, mlete mara moja, maana uvimbe ule unaweza kukua maradufu katika siku chache.

Mama aliyetibiwa kansa ya titi ajiangalie mara moja kwa mwezi, siku anayoichagua, kisha aache mpaka mwezi mwingine.

5. Siku za kurudi hospitali

Kwa kawaida, baada ya kansa ya titi, tunataka kukuona kila miezi 3 mpaka 6 katika miaka 3 ya kwanza, kisha kila miezi 6 mpaka 12 hata mwaka wa tano, halafu mara moja kwa mwaka. Baada ya kansa ya mlango wa tumbo la uzazi, ni kila miezi 3 mpaka 6 katika miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 mpaka 12 hata mwaka wa tano. Mganga wako anaweza kubadili hesabu hii. Fuata aliyokuandikia kwenye fishi.

Utaona kwamba hofu inazidi siku ile inapokaribia. Juma moja mbele, chakula hakina ladha. Ni desturi. Ikikujia sema, “Ni siku ya hospitali inayokaribia,” nawe utajua inakotoka. Mambo haya yatakusaidia:

Weka franka kidogo kidogo kila siku ya soko kwa ajili ya safari, ili umaskini usiwe sababu ya kukaa nyumbani. Uje na mtu mmoja mwenye moyo mtulivu, maana masikio ya mwenye hofu yanasikia nusu tu. Mwambie mtoto wako aliye shuleni akuandikie maulizo yako matatu. Kabla ya kutoka, uulize, “Umeona nini? Nirudi lini? Nikiona alama gani nije mbele ya siku hiyo?”

Linda karatasi zako. Wengine wetu walitibiwa hapa kwetu, wengine walivuka mpaka mpaka Butaro au Kigali katika Rwanda, au Kampala. Mganga mpya hawezi kujua ulipewa dawa gani bila karatasi. Zifunge katika mfuko wa plastiki. Na kama vita vinawafukuza, beba karatasi zile kabla ya sahani na sufuria. Sahani zinapatikana tena.

6. Hofu ikija usiku

Kumwambia mtu, “Usiogope,” ni kama kumwambia mtoto, “Usisikie njaa.” Haimsaidii. Lakini hofu inaweza kufundishwa adabu. Mwaka 2017 waganga wa Australia walionyesha kwamba watu waliotibiwa kansa, wakifundishwa katika mazungumzo machache jinsi ya kuishi na hofu yao, hofu inapungua kweli. Baadhi ya mambo haya waweza kuyafanya nyumbani.

Ipe hofu saa yake. Chagua nusu saa mchana, tuseme baada ya kutoka shambani. Wakati huo ukae, ufikiri yote unayoyaogopa, useme na mwenzako. Hofu ikija usiku, iambie, “Saa yako ni kesho.” Mara ya kwanza haitasikia. Ukiendelea majuma kadhaa, itaanza kusikia.

Vuta pumzi polepole. Ingiza hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa kwa kinywa ukihesabu mpaka sita. Fanya hivyo mara kumi. Moyo unaopiga mbio utapunguza mwendo.

Peleka masikio yako nje. Sikiliza mvua juu ya bati, kisha mbwa wa jirani, kisha pumzi ya mtoto anayelala karibu nawe, kila sauti kwa zamu yake. Moyo ukirudi kwenye kansa, urudishe tena kwenye sauti.

Fanya kazi yenye siku za mbele. Panda migomba. Shona nguo ya mjukuu. Wengine wanaacha kupanda kwa sababu wanafikiri hawatavuna, na hivyo hofu inawanyang’anya miaka ambayo kansa haikuichukua.

Usitafute usingizi katika pombe. Pombe inakulaza saa mbili, kisha inakuamsha na hofu mara mbili. Tena pombe inazidisha hatari ya kansa ya titi.

Tafuta mwenzako aliyetibiwa kama wewe. Wawili wakikaa pamoja chini ya mwembe wa hospitali, wanaelewana kwa maneno machache.

Na kama majuma mawili yamepita huli wala hulali, huwezi kazi, au unatamani kufa, hiyo ni hofu iliyokuwa ugonjwa. Ina dawa yake na watu wake wa kuitunza. Mwambie mwuguzi bila haya, kama vile ungemwambia juu ya homa.

7. Kwa mume, jamaa na watu wa kanisa

Usimwambie mgonjwa, “Ungekuwa na imani usingeogopa.” Neno hilo linamfundisha kuficha, na anayeficha hofu ataficha kivimbe pia. Ombeni pamoja naye, kisha msindikizeni hospitali. Maombi na dawa havigombani.

Usimletee hadithi za watu waliokufa. Usimtengee sahani wala kikombe. Kansa haiambukizwi kwa chakula, wala kwa kulala kitanda kimoja. Wewe mume, mke wako aliyekatwa titi anaogopa kansa, tena anaogopa kwamba utamwacha. Hofu ya pili wewe waweza kuimaliza. Mwambie kwa kinywa chako, wala usingoje aulize.

8. Na kama ikirudi?

Ni afadhali tuseme neno hili mchana, maana usiku linasema lenyewe.

Kansa ikirudi mahali pale pale, mara nyingine inaweza kutolewa tena, na mtu akapona. Ndiyo sababu tunasema, njoo mapema. Ikirudi mbali, katika mifupa au mapafu, mara nyingi haitakwisha kabisa. Lakini hata hivyo dawa zaweza kuizuia miezi, na kwa wengine miaka. Na maumivu yanaweza kutulizwa. Morfini ya kunywa ni dawa ya kweli ya maumivu ya kansa. Jirani zetu wa Uganda wameitumia hivyo tangu mwaka 1993, na wagonjwa wengi wameinywa nyumbani kwao, katikati ya watoto wao. Ikirudi, njoo kwetu. Mganga asiyeweza kukuponya angali na kazi ya kukufanyia.

Maulizo ya kujijaribu

1. Kansa yako ni ya namna gani, na desturi yake ya kurudi ni miaka mingapi?
2. Siku yako ya kurudi hospitali ni lini? Nani atakusindikiza?
3. Karatasi zako ziko wapi? Je, mtu mwingine nyumbani anajua?
4. Taja alama tatu za kuhesabia siku 14, na mbili zisizongoja hata siku moja.
5. Saa ya hofu yako itakuwa saa ngapi?
6. Mwaka huu utapanda nini?